Kitanda, Meza, Kiti na Taa

Somo: 2 Wafalme 4:8-17

 

Leo twende pamoja hadi Shunemu, mji mdogo wa Israeli ya zamani. Hapo alikaa mwanamke mmoja mwenye mali. Nabii Elisha alikuwa akipita mji huo mara kwa mara, na kila alipopita mama huyu alimshurutisha aingie ale chakula. Siku nyingi zikapita hivyo. Kisha mama akamshauri mumewe wamjengee mgeni wao chumba kidogo orofani, wakiweke ndani yake kitanda, meza, kiti na taa, ili kila afikapo apate mahali pake. Mume akakubali, na chumba kikajengwa.

Mara nyingi tunaisoma habari hii kwa haraka, kwa maana tunataka kufika penye muujiza wa mtoto. Leo na tusiharakishe. Na tusimame kidogo mlangoni pa chumba hicho tukitazame.

Kuna kitanda, kwa sababu mtu atembeaye kwa miguu kutoka Karmeli hufika amechoka. Kuna meza na kiti, kwa sababu mtumishi wa Mungu ana kazi ya kufanya, na mtu hawezi kukaa juu ya kitanda mchana kutwa. Kuna taa, kwa sababu usiku huingia, na mgeni hajui njia ya nyumba ya wenyewe gizani. Tena chumba kiko juu, mbali na kelele za watoto wa watumishi na za wapishi, kwa sababu mtu wa sala huhitaji utulivu. Hatusomi habari ya mazulia wala ya vyombo vya fedha, ingawa mama huyu alikuwa na uwezo. Tunasoma vitu vinne tu, na kila kimoja kinajibu haja moja ya mtu mmoja. Mama alikuwa amemtazama Elisha kwa muda mrefu, akamjua, ndipo akajenga.

Naye Elisha alipolala katika chumba kile, moyo wake uliguswa. Akamwita mtumishi wake Gehazi, akataka kujua mama huyu atendewe nini kwa ajili ya taabu yote aliyojipa. Mwenye nyumba alikuwa amemfikiria mgeni, na sasa mgeni akamfikiria mwenye nyumba. Ndivyo furaha ilivyoingia katika nyumba ile.

Basi swali letu la leo ni hili. Je, umbo la vitu tuvitengenezavyo, nyumba zetu, makanisa yetu, hata kiti na mlango, lina neno lolote na moyo wa mwanadamu na furaha yake?

Wako Wakristo watakaojibu upesi kwamba halina. Watasema Mungu hutazama moyo, hatazami majengo. Kwamba mtu aliyeokoka hufurahi hata chini ya mti. Nasi twakubali kwamba mtu aweza kumsifu Mungu chini ya mti. Paulo na Sila waliimba gerezani, miguu yao ikiwa katika mkatale. Lakini tuangalie tusiligeuze neno hilo kuwa ruhusa ya kuwajengea wenzetu magereza.

Fungueni Kitabu cha Kutoka. Kuanzia sura ya 25 hadi ya 31, na tena kuanzia ya 35 hadi ya 40, habari kubwa ni hema: urefu wa mbao, rangi za nyuzi, vitanzi vya mapazia, vikombe vya kinara vilivyofanana na maua ya mlozi. Mungu aliyetazama mioyo ndiye aliyetoa vipimo hivyo. Mavazi ya makuhani yaliagizwa yashonwe kwa utukufu na pia kwa uzuri. Mtu wa kwanza kutajwa kwa jina katika Biblia kwamba Mungu alimjaza Roho yake, hakuwa mhubiri wala mfalme. Alikuwa fundi, Bezaleli mwana wa Uri, wa kabila ya Yuda. Tena sura ya 35 yatuambia kwamba wanawake wenye ustadi walisokota singa za mbuzi kwa ajili ya hema hiyo. Mikono ya akina mama ilikuwamo katika nyumba ya Mungu jangwani.

Na wataalamu wa siku zetu wamefika karibu na jambo hilo kwa njia yao. Mwaka 1984 mtaalamu wa Marekani, Roger Ulrich, alitangaza uchunguzi alioufanya kwa kumbukumbu za hospitali moja ya Pennsylvania. Alilinganisha wagonjwa 46 waliopasuliwa nyongo katika miaka ya 1972 hadi 1981. Nusu yao walilazwa penye dirisha lililotazama miti. Nusu nyingine dirisha lao lilitazama ukuta wa matofali. Waliotazama miti walirudi nyumbani mapema, tofauti ikiwa karibu siku moja, na waliomba dawa kali za maumivu mara chache zaidi. Ugonjwa ulikuwa ule ule na hospitali ilikuwa ile ile, lakini dirisha lilitofautiana. Baadaye, mwaka 2004, Mmarekani mwingine, Donald Norman, aliandika kitabu kizima juu ya vitu vya kila siku na hisia zetu, akionyesha kwamba mtu hapendi chombo kwa kuwa kinafanya kazi tu. Hukipenda pia kwa jinsi kinavyoonekana machoni pake, na kwa kumbukumbu anazozihifadhi ndani yake.

Lakini sisi tulio huku Garissa hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Mwalimu wetu yuko karibu. Shikeni njia ya kuelekea Dadaab au Modogashe, na pale mifugo ilipo mtaona nyumba ya mviringo, kama bakuli lililofunikwa. Wasomali huiita aqal. Wapita njia wengi kutoka bara wameiita kibanda, wakaipita. Na leo tuitazame kama tulivyokitazama chumba cha Shunemu.

Nyumba hii hujengwa na wanawake. Mti hukunjwa ukapindwa kama upinde, fito zikafungwa pamoja kwa kamba, kisha juu yake hutandazwa mikeka minene iliyosukwa kwa nyuzi za magome na majani. Upepo mkali wa nyika ukija haukuti pembe ya kusukuma; hupita juu ya mgongo wa nyumba ukaenda zake. Mchana wa jua kali mikeka ya upande mmoja huinuliwa hewa ipite. Na siku ya kuhama, nyumba yote hufunguliwa kwa muda wa saa chache. Mikeka huwa matandiko ya mgongo wa ngamia, fito hufungwa ubavuni, watoto wadogo na vyombo huwekwa juu, na nyumba yenyewe hutembea. Hakuna kinachobaki nyuma ila majivu ya moto.

Tazameni na chombo cha maziwa kilichomo ndani. Kimesukwa kwa nyuzi, na kusukwa huko kumekazwa hata maziwa hayavuji. Hufukizwa kwa moshi wa kuni zilizochaguliwa, ili maziwa yasiharibike upesi na yapate ladha yake. Na aliyekisuka hakuishia hapo, bali alikitia pambo pia. Maziwa hayakuhitaji pambo, lakini macho ya watu wa nyumbani yalilihitaji.

Jambo kubwa kuliko yote ni hili. Msichana akaribiapo kuolewa, mama yake pamoja na shangazi na jamaa zake wanawake ndio wamtayarishiao mikeka na vifaa vya nyumba yake. Kazi hiyo huchukua muda mrefu. Kwa hiyo bibi arusi alalapo usiku katika nyumba yake mpya, akiinua macho huona kazi ya mikono ya wale wampendao. Yuko katika nchi ya ugeni kwa mumewe, lakini yuko ndani ya upendo wa mama yake.

Mama mmoja mzee wa Kiislamu, jirani mwema, alitukaribisha siku moja katika nyumba yake ya namna hiyo. Tukauliza vitu vyote vilivyotundikwa kandokando ya ukuta ni vya nini. Akatujibu akicheka, "Pasta, kila kitu hapa kina mahali pake. Nyumba hii naijua hata gizani." Tukaingia kwa kuinama, tukatoka kwa kuinama, na neno lile tukatoka nalo. Nyumba aijuayo mtu hata gizani, hiyo ni nyumba iliyotengenezwa na mtu aliyewafikiria wenye kukaa ndani.

Sasa tutazame upande wa pili. Katika nchi hii yetu ya joto tumejenga majengo mengi ya kila namna ambayo hayakumfikiria mtu yeyote. Picha ya jengo ilichorwa kwa ajili ya nchi ya baridi, ikaletwa huku kama ilivyo. Mabati hayana dari chini yake. Madirisha ni madogo, tena yako upande usiokuja upepo. Saa sita mchana mwalimu hufundisha darasa la watoto waliosinzia, naye huwaita wavivu. Mama mwenye mtoto mchanga hukaa ibadani akimpepea kwa kitabu cha nyimbo, wala hasikii hata neno moja la mahubiri. Hakuna aliyekusudia mabaya. Ni kwamba katika siku zote za kupanga na kuchanga fedha, hakuna aliyemwuliza mama huyo wala mtoto wa shule, wala aliyekaa mahali pao adhuhuri moja akaona joto lake.

Kumbukeni pia Dadaab. Kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera zilianzishwa mwaka 1991 na 1992, zikikusudiwa watu 90,000. Mwaka 2011, wakati wa ukame na njaa kuu iliyoipiga Somalia, watu waliokuwamo walizidi 400,000. Waliokuja na mahema waliokoa maisha ya watu, nasi tunamshukuru Mungu kwa ajili yao. Lakini ona watu wenyewe walifanya nini. Walikwenda porini wakatafuta fito, wakazipinda, wakazifunga, wakazifunika kwa vitambaa vikuukuu, kwa maboksi na kwa vipande vya turubai. Mikeka ya mama haikuwapo tena, wala ngamia hawakuwapo, lakini umbo la nyumba lilikuwa limebaki mikononi mwa wanawake. Katika nchi ya ugeni, wakiwa na njaa na msiba, walitengeneza tena lile bakuli lililofunikwa, wapate kulala mahali wanapopajua gizani. Hilo latufundisha kwamba mwanadamu hahitaji kufunikwa kichwa tu. Anahitaji kujua kwamba mahali hapa pamemkumbuka yeye, pamoja na watu wake na desturi zao.

Lakini msituelewe vibaya, ndugu. Hatusemi kwamba nyumba nzuri huleta furaha. Mhubiri alijenga nyumba, akapanda mashamba ya mizabibu, akafanya bustani na birika za maji. Alipoyatazama yote, akaona ni ubatili. Amosi aliwaonya wenye nyumba za pembe za ndovu, na za wakati wa baridi na za wakati wa joto, huku maskini wanakanyagwa. Yule tajiri wa Luka 12 alikuwa mpangaji hodari wa maghala, lakini soma maneno yake yote, hutamkuta mtu mwingine ndani ya ramani yake. Maghala ni yake, mazao ni yake, raha ni ya nafsi yake. Usiku ule ule nafsi hiyo ikatakwa.

Tofauti kati ya tajiri huyo na mwanamke wa Shunemu haikuwa mali, kwa maana wote wawili walikuwa nayo. Tofauti haikuwa ukubwa wa jengo pia. Tofauti ni kwamba mmoja alijenga akijitazama mwenyewe, na mwingine alijenga akimtazama mwenzake. Furaha ya kweli hukaa katika nyumba ya namna ya pili, hata ikiwa ni ya fito na mikeka. Kitu kilichotengenezwa kwa upendo humwambia mtu kila siku, bila maneno, kwamba amefikiriwa. Na mwanadamu ajuapo kwamba amefikiriwa, moyo wake hutulia.

Sasa hatuna budi kusema neno lililo gumu kwetu sisi Wakristo wa Kaskazini Mashariki. Ni habari ya kuta zetu.

Tarehe 1 Julai 2012, siku ya Bwana, watu wenye silaha walishambulia makanisa mawili mjini Garissa waumini wakiwa ibadani, nao watu wapatao 17 wakauawa. Tarehe 2 Aprili 2015, Alhamisi Kuu, alfajiri, Chuo Kikuu cha Garissa kilishambuliwa, wakafa watu 148, wengi wao wanafunzi, na baadhi yao walikutwa katika maombi. Tangu siku hizo tumejenga kuta ndefu. Tumeweka malango ya chuma na walinzi wenye bunduki, na mtu hupekuliwa kabla ya kuingia kumwabudu Mungu. Mtoto aliyezaliwa baada ya mwaka 2015 hajawahi kuliona kanisa lisilo na hayo.

Hatulaumu ukuta. Nehemia alijenga ukuta, na Mungu alikuwa pamoja naye. Tena iko sheria ndogo katika Kumbukumbu la Torati 22:8, ambayo wengi huipita: mtu ajengapo nyumba mpya na azungushe ukuta mdogo juu ya dari yake, asije mtu akaanguka akafa. Huo nao ni ukuta, tena ni ukuta wa upendo, uliojengwa kwa ajili ya mtoto wa jirani atakayecheza darini. Kwa hiyo kulinda watu wa Mungu si kukosa imani. Mchungaji asiyelinda kundi si mchungaji.

Lakini ukuta una pande mbili. Sisi tunauona upande wa ndani, nao watuambia kwamba tuko salama. Jirani yetu anauona upande wa nje. Je, upande huo unamwambia nini? Yule mama mzee aliyetukaribisha kwa maziwa, apitapo mbele ya kanisa akitoka sokoni, na jua liko juu ya kichwa, anaona nini? Anaona tofali, vigae vya chupa juu yake, na mtu mwenye bunduki. Ukuta uliojengwa kwa ajili ya muuaji unazungumza na kila mtu apitaye, na wapitao wengi si wauaji.

Tena tusisahau ni nani waliosimama pamoja nasi. Baada ya mauaji ya mwaka 2012, viongozi wa Kiislamu walitangaza kwamba vijana wao watashiriki kuyalinda makanisa ya Garissa. Tarehe 21 Desemba 2015, basi liliposhambuliwa katika kaunti ya Mandera, abiria Waislamu walikataa kutengwa na Wakristo, na wanawake wakawapa wenzao Wakristo vitambaa vyao wajifunike. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi siku hiyo, akafariki mwezi wa Januari 2016. Siku hiyo ndani ya basi hapakuwa na ukuta wa tofali. Palikuwa na ukuta wa watu.

Basi, ndugu wa makanisa ya Garissa, Wajir na Mandera, nanyi nyote mlio mahali pengine penye hofu, tunawaletea shauri moja dogo. Msiubomoe ukuta. Lakini fikirini upande wake wa nje. Hapawezi kupandwa mwarobaini, uote kivuli juu ya njia? Chini ya kivuli hicho haliwezi kujengwa benchi la saruji, na kando yake bomba au mtungi wa maji safi, kwa ajili ya ye yote apitaye? Shaurianeni kwanza na walinzi wenu na wazee wa mtaa juu ya mahali panapofaa, kwa maana hekima nayo ni karama. Gharama yake haiwezi kuushinda umoja wenu. Naye mama mzee akiketi hapo siku ya joto, akanywa, akapumzika, hakuna atakayehitaji kumweleza Wakristo ni watu gani. Bwana wetu alisema kwamba kikombe cha maji ya baridi hakipotezi thawabu yake. Nasi hatuoni kwamba aliuliza kwanza dini ya mnywaji.

Na kwa ndani pia tufanye vivyo hivyo. Baraza la kanisa likutanapo kupanga jengo, kwa kawaida waketio mezani ni wazee wa kiume na fundi. Tunawasihi, kabla ya kukata msingi, mwende mkaulize. Mwulizeni mjane mwenye magoti mabovu ngazi ziwe ngapi, na kama pangefaa mteremko badala ya ngazi. Waulizeni Umoja wa Akina Mama choo kiwe wapi, na kama mlango wake utafungika kwa ndani. Mwulizeni mwenye kunyonyesha angependa kukaa wapi asikie Neno na mtoto asipate joto. Waulizeni watoto wa shule ya Jumapili. Kijana asiyeona mwongozeni kwa mkono hadi ndani, mkamwulize ni nini kingemsaidia kupajua mahali pake bila kuongozwa. Mkisha kusikia, ndipo mwite fundi. Huenda jengo litakuwa dogo kuliko mlivyotaka. Huenda fedha ya mnara itakwenda kwenye dari na madirisha. Si kitu. Mnara huonwa na wapita njia, lakini dari humpumzisha mama kila Jumapili.

Na ninyi msiojenga makanisa, msiseme neno hili haliwahusu. Kila mmoja wetu hutengeneza kitu. Mama apangapo vyombo vyake ili mkwe asione taabu kuvipata, yuko katika kazi ya Shunemu. Seremala apigapo randa ukingo wa kiti ili nguo ya mnunuzi isishikwe, yuko katika kazi hiyo. Mwalimu ahamishapo dawati la mtoto asiyesikia vizuri akaliweka mbele, naye pia. Hata kijana aliyeoa juzi, akipigilia msumari mmoja ukutani mahali ambapo mkewe atafikia kutundika kanga yake, ameanza kujenga nyumba.

Mwisho, wapendwa, tumtazame Yeye aliye Fundi kuliko wote. Yohana asemapo katika sura ya kwanza kwamba Neno alifanyika mwili akakaa kwetu, neno alilolitumia katika Kiyunani lina maana ya kupiga hema. Mungu alikuja akapiga hema yake kati ya hema zetu. Hakutuma msaada kutoka mbali, akabaki huko. Alikaa katika joto letu, akajua miguu iliyochoka ilivyo, akajua kiu mchana penye kisima, akajua usiku usio na mahali pa kulaza kichwa. Aliwatazama wanadamu kwa karibu, kama mama wa Shunemu alivyomtazama Elisha.

Na usiku ule wa mwisho aliwaambia wanafunzi wake kwamba katika nyumba ya Baba yake mna makao mengi, naye anakwenda kuwaandalia mahali. Anayetuandalia ni yeye atujuaye. Anajua ni nini kilichotuchosha. Anajua taa tunayoihitaji. Wale waliochukuliwa alfajiri ya Alhamisi Kuu, ambao vitanda vyao vya chuoni vilibaki wazi, hawakwenda mahali pasipowafahamu. Nasi siku yetu itakapofika, kama bibi arusi alalaye usiku wa kwanza katika nyumba mpya, tutainua macho tuone kazi ya mikono yake Yeye atupendaye, na katika mikono hiyo tutaziona alama za misumari.

Tuombe.

Ee Mungu uliyemjaza Bezaleli Roho yako, utujaze na sisi. Utupe macho ya kuwatazama wenzetu kabla ya kujenga, na masikio ya kuwauliza. Uwalinde watu wako wanaoabudu kwa hofu, na uwabariki majirani waliosimama nao. Uwafariji waliofiwa. Uwakumbuke wakimbizi wote ambao nyumba zao zi katika fito na turubai, na uwarejeshee amani ya nchi yao. Ufanye upande wa nje wa kuta zetu uwe mahali pa kivuli. Tunaomba hayo kwa jina la Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.